Kipima mvua, setilaiti au bei ya debe: Tabora tupime ukame kwa kipi?

Mwezi Machi wa mwaka mmoja nilikaa kwenye kikao cha halmashauri moja ya mkoani Tabora nikiwa na jedwali langu la mvua. Jedwali lilikuwa zuri, lina rangi na lina jumla chini yake. Mvua tangu Desemba: ya wastani. Nikalisoma, nikakaa. Mtendaji wa kata mmoja akanyoosha mkono, akasimama taratibu na kusema, "Mtaalamu, ahsante sana. Ila kwangu kule watu wameshaanza kuuza mbuzi majike wenye mimba."

Ukumbi ukanyamaza. Anayefuga anajua maana yake: mbuzi mwenye mimba hauzwi mpaka chungu kimekosa cha kupika. Mimi nilikuwa nimepima mvua, yeye alikuwa amepima njaa, na hakuna kati yetu aliyekosea hesabu.

Tangu siku ile nimeulizwa mara nyingi na watu wa idara za kilimo, viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima), wanafunzi wanaoandika tasnifu na mashirika madogo yanayotaka kujua lini waanze kuomba fedha: kama lengo ni kuunganisha ukame na maumivu yake kwa watu na uchumi wa mkoa mzima, tushike kipimo gani? Vilivyopo mezani kwa watu wengi ni vinne: mvua yenyewe, picha za setilaiti, bei za sokoni, na taarifa za watu. Nimefanya kazi na vyote vinne, kimoja kikiwa kimenitia aibu kama mlivyosikia, kwa hiyo msitarajie nitavisifu kwa usawa.

Ukame upi hasa?

Kiangazi si ukame. Kiangazi kinakuja kila mwaka kuanzia Mei mpaka Oktoba na kila mtu Tabora amejipanga nacho. Ukame ni upungufu wa kile kilichotarajiwa, na mwaka 1985 Wilhite na Glantz waliupanga katika makundi manne ambayo bado yanatumika: wa hali ya hewa, yaani mvua imepungua, wa kilimo, unyevu wa udongo hautoshi mmea, wa maji, mito na mabwawa yameshuka, na wa kijamii na kiuchumi, pale upungufu unapogusa mfuko, sahani na maisha. Rahisi kupima ni wa kwanza. Tunaoutaka ni wa nne. Kati yao kuna safari ya miezi, na kila kipimo kimesimama mahali pake njiani.

Safari hiyo haifuati mipaka ya mkoa. Mwaka 2006, baada ya mvua kushindwa sehemu nyingi za nchi na bwawa la Mtera kushuka, umeme uligawiwa kwa zamu. Mwenye saluni au mashine ya kusaga Tabora mjini alipoteza siku za kazi kwa sababu ya maji yaliyokosekana kwenye mto Ruaha. Ungeweza kusimama na kipima mvua chako Kitete miezi yote hiyo na usione uhusiano wowote.

Mvua: inawahi, lakini haijui nani ataumia

Kipima mvua cha kawaida ni chombo cha bati au plastiki kinachokaa uwanjani kwa shule au ofisi ya kata na kusomwa kila siku saa tatu asubuhi. Ili namba zake ziseme kitu, watu wengi hutumia SPI, kipimo kilichotolewa mwaka 1993 na McKee, Doesken na Kleist wa chuo kikuu cha jimbo la Colorado, Marekani. Wazo lake ni jepesi: chukua mvua ya mwezi mmoja, mitatu, sita au kumi na miwili, uilinganishe na ya miezi hiyohiyo kwa miaka mingi iliyopita, ikiwezekana 30 au zaidi. Sifuri ni kawaida. Hasi 1 ni ukame wa kadiri, hasi 1.5 ni mkali, hasi 2 na kushuka ni mkali kupita kiasi. Mwaka 2009 wataalamu waliokutana Lincoln, Nebraska, walipendekeza mamlaka za hali ya hewa za nchi zote zikitumie.

Uzuri wake ni kuwahi na bei. Tarehe 1 Februari unaweza kuwa na SPI ya miezi mitatu iliyopita, na gharama yake ni daftari na mtu mwaminifu. Uzuri mwingine ni kwamba unaweza kuweka Igunga ya hapa Tabora, kwenye mvua haba, kando ya Kakonko ya mkoa jirani wa Kigoma, kwenye mvua nyingi, na hasi 1.5 ikawa na maana ileile ya tukio lisilo la kawaida kwa pale.

Hapo ndipo penye mtego. Tukio ni adimu sawasawa, lakini machungu si sawa. Kigoma kwa sehemu kubwa watu wana muhogo ardhini, na muhogo unasubiri. Kuna michikichi, na ziwani kuna dagaa na migebuka. Hasi 1.5 ikipiga Buhigwe, wengi wanabana matumizi. Ikipiga kata ya Igunga inayotegemea mahindi, pamba na ng'ombe, watu wanahama na mifugo. Namba haiwezi kukwambia hilo, na anayechora ramani ya mkoa mzima kwa SPI peke yake, kisha akaandika juu yake "maeneo yatakayoathirika", amekisia.

Mtego wa pili ndio ulioninasa mimi. SPI ya msimu ni jumla, na mahindi hayali jumla. Mvua inaweza kuanguka kwa fujo Desemba, ikakatika siku 20 Januari, ikarudi kwa fujo Februari, na jumla ikasoma wastani. Lakini zile siku 20 zikiangukia wakati mahindi yanatoa mbelewele, punje hazijai. Shamba linabaki na urefu wa kupendeza na magunzi matupu. Kwa watani wetu wanaokaa ofisini: mahindi yanaweza kufa njaa huku yamesimama wima na majani ya kijani.

Kwa hiyo ukichagua mvua, achana na jumla ya msimu, au iweke nyuma. Andika vitu vitatu kwa kila kata: tarehe ya mvua ya kwanza iliyotosha kupandia, idadi kubwa kabisa ya siku mfululizo bila mvua, na mvua iliyonyesha ndani ya wiki mbili kabla na wiki mbili baada ya mbelewele. Hivi vitatu vimenisaidia kuliko SPI zote nilizowahi kuchora.

Na ukague daftari. Nimekuta kipima mvua kimejaa mchanga na kimelala ubavu, mbuzi wamekiangusha. Nimekuta pia daftari lenye milimita 10.0 siku sita mfululizo, mwandiko mmoja, kalamu moja, jasho hakuna. Pale vituo vilipo vichache, na mkoa wenye zaidi ya kilomita za mraba 76,000 kama Tabora una mapengo mengi, watu hujaza kwa CHIRPS, takwimu za bure zinazochanganya setilaiti na vituo vya ardhini tangu 1981 kwa vipande vya takribani kilomita 5 kwa 5. Ni msaada mkubwa. Ila kumbuka kuwa penye vituo vichache, CHIRPS nayo inaegemea zaidi setilaiti, kwa hiyo usiitumie kuthibitisha kile ambacho yenyewe imekisia.

Jambo la kalenda pia. Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, huiweka Tabora na sehemu kubwa ya Kigoma kwenye mvua za msimu, Novemba mpaka Aprili, lakini kaskazini mwa Kigoma huwekwa na maeneo ya vuli na masika. Ukilinganisha Kibondo na Sikonge kwa dirisha moja la miezi mitatu, unalinganisha misimu miwili tofauti.

Setilaiti: inaona kila mahali, na inadanganywa na miti

Majani mabichi humeza mwanga mwekundu na kurudisha mwanga wa infraredi ambao macho yetu hayauoni. Setilaiti hupima tofauti ya hizo mbili, na namba inayotoka inaitwa NDVI. Setilaiti ya Terra imekuwa ikileta picha hizi tangu 2000, kwa vipande vya mita 250 kwa 250, ambavyo ni kama ekari 15. Ukilinganisha kipande kimoja na rekodi zake za miaka iliyopita, pale kilipokuwa kikavu kabisa na pale kilipokuwa kibichi kabisa, unapata VCI, asilimia kutoka 0 mpaka 100.

Jirani zetu Kenya wameiamini kiasi cha kuifungia fedha. Mamlaka yao ya kusimamia ukame, NDMA, hufuatilia wastani wa VCI wa miezi mitatu katika kaunti 23 kame. Ikishuka chini ya 35 ni ukame wa kadiri, chini ya 20 mkali, chini ya 10 wa kupindukia, na viwango hivyo vinaingia kwenye uamuzi wa kufungua mfuko wa dharura. Inafanya kazi kule kwa sababu kule majani ndiyo uchumi. Nyasi zikikauka, maziwa yanakauka, mbuzi anakonda, mtoto anakonda. Mnyororo ni mfupi.

Ukija nayo Tabora, jiulize kwanza uko wilaya gani. Igunga, na zaidi mbuga ya Wembere na upande wa Nzega wenye mifugo mingi, inakufaa. Uwanda umefunguka, nyasi zinaonekana, na ng'ombe wanafuata kile setilaiti inachokiona.

Sikonge, Kaliua na Urambo ni habari nyingine. Huko kuna miombo, na miombo ina tabia inayowashangaza wageni: inatoa majani mapya, mengine mekundu kama yaliyopakwa rangi, mwezi Septemba na Oktoba, kabla mvua haijafika. Mizizi inaenda chini sana. Setilaiti inaona ubichi na kufurahi wakati mkulima bado anatazama mawingu. Kisha ndani ya zile ekari 15 kuna ekari moja na nusu ya mahindi, kipande cha tumbaku, jaruba la mpunga, njia ya ng'ombe na miti iliyobaki. Mahindi yakifa, kipande kinabaki kijani. Hata magugu yakiota baada ya mahindi kukauka, kipande kinasoma vizuri. Ongeza mawingu ya Januari, mwezi uleule unaotaka kuona.

Sisemi uitupe. Nasema mtu akikuletea ramani ya ubichi ya mkoa mzima wa Tabora kwa kipimo kimoja, mwombe aondoe misitu kwanza, halafu muendelee na mazungumzo.

Jambo jingine ni nani anashika swichi. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha fedha za misaada, tovuti ya FEWS NET, mfumo wa tahadhari ya njaa uliokuwepo tangu 1985, ilizimika kwa miezi kadhaa. Waliokuwa wanapakua ramani zao pale kila mwezi waliamka hawana kitu. Daftari la kata halizimwi na mtu wa mbali.

Soko: pale ukame unapogeuka kuwa maisha

Hapa ndipo nitakaa zaidi, na naomba radhi kwa wapenzi wa ramani.

Soko linajumlisha. Mvua, udongo, akiba ya ghala, deni la pembejeo, hofu ya mfanyabiashara, lori lililokwama: vyote vinaingia kwenye bei ya debe moja la mahindi. Kwa anayetaka athari za kiuchumi, hakuna kitu kingine kilicho karibu nazo namna hii na kinachopatikana kila wiki. Lakini lazima ujue kulisoma, na makosa ni mengi.

Kosa la kwanza ni kipimo chenyewe. Gunia si gunia. Kuna gunia lililoshonwa mdomo na kuna lumbesa yenye kilemba juu yake. Debe nalo kuna la kunyoosha kwa mkono na la kujaza mpaka linamwagika. Mavuno yakiwa mengi mnunuzi anadai lumbesa. Mahindi yakiadimika, muuzaji anapitisha kijiti juu ya debe kwa umakini kama anapima dhahabu. Nimeona wiki tatu za bei isiyobadilika kwenye daftari, na wiki hizohizo debe lenyewe likipungua ujazo. Bei ilikuwa imepanda, ila ilipanda kwa kujificha. Nunua mzani wa kuning'iniza, pima debe, andika bei kwa kilo. Nenda siku ileile ya gulio, kwa wafanyabiashara walewale watatu.

Kosa la pili ni kusoma bei moja. Bei ya mahindi peke yake ni nusu ya habari. Anayekufa njaa ni yule ambaye kile alicho nacho hakinunui kile anachokihitaji. Kwa hiyo pima kubadilishana: mbuzi dume wa wastani analeta kilo ngapi za mahindi? Tuseme, kwa mfano tu, mbuzi anauzwa 80,000 na kilo ya mahindi 500. Mbuzi mmoja ni kilo 160. Ukame ukikaza, kila mtu analeta mbuzi mnadani siku moja, bei inashuka 50,000, na mahindi yanapanda 1,000. Sasa mbuzi ni kilo 50. Mahindi yamepanda mara mbili, lakini mfugaji amepoteza zaidi ya theluthi mbili ya chakula chake. Ukiandika kwenye ripoti "mahindi yamepanda asilimia 100" umesema kweli, na umeficha ubaya wenyewe.

Fanya hivyohivyo kwa kibarua. Wasio na mifugo wanauza mikono: siku ya kulima, ngwe ya kupalilia. Msimu ukiharibika, wenye mashamba wanaajiri wachache na wanaotafuta kibarua wanaongezeka, kwa hiyo malipo ya ngwe yanasimama au yanashuka wakati chakula kinapanda. Ngwe moja ni kilo ngapi? Hiyo ndiyo namba ya maskini zaidi, na sijawahi kuikuta kwenye jedwali la mkoa mpaka kwenye lile nililoliandika mwenyewe.

Na tumbaku. Tabora huwezi kuongea uchumi ukairuka. Tumbaku ya mvuke inastahimili kiasi kipindi kifupi cha ukavu ambacho mahindi hayakistahimili, hivyo mtu anaweza kuvuna tumbaku na kukosa chakula mwaka mmoja. Ukavu ukizidi, jani linakuwa dogo na nene, daraja linashuka, na pembejeo zilichukuliwa kwa mkopo kupitia AMCOS. Deni halijui mvua. Nimemuona mzee mmoja akitoka sokoni na karatasi ya malipo ameikunja mara nne, akaiweka mfuko wa shati, akaanza safari ya nyumbani kwa miguu. Kilichobaki baada ya makato hakikutosha magunia mawili. Kwa kaya kama hiyo, ukame wa Januari unafika Julai, na unafika kama karatasi.

Sasa uzito wa soko kwa mtu wa ngazi ya mkoa: kalenda. Kawaida Tabora mahindi hushuka bei Mei mpaka Julai, ghala zikiwa zimejaa, kisha hupanda polepole mpaka kilele cha Januari na Februari. Wengi husubiri kilele ndipo wapige kelele. Umechelewa. Dalili ni bei inayokataa kushuka Juni. Mahindi yakiwa ghali wakati wa mavuno, hiyo miezi ya mbele ishajulikana, na bado una muda wa kuagiza chakula kabla barabara hazijawa matope. Ningepewa kengele moja tu ya kutundika mlangoni kwa mkuu wa mkoa, ningetundika hiyo.

Udhaifu wake? Soko linasikia mambo mengine pia. Mwaka 2022 chakula kilipanda nchi nzima na mbolea ikapanda, ukame ukiwa sababu mojawapo tu. Mahindi ya Rukwa na Katavi yakivunwa vizuri, yanaletwa Tabora na bei inatulia hata kama Uyui wamekosa. Na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, anapouza kwa bei nafuu, bei inashuka bila kwamba mtu asiye na shilingi amepata kitu. Njia ya kujikinga ni kuweka bei ya Tabora kando ya bei ya Sumbawanga au Mpanda wiki ileile. Zikipanda pamoja, tatizo ni la nchi. Pengo likipanuka zaidi ya nauli, tatizo ni lako.

Taarifa za watu: za kweli zaidi, na za upendeleo zaidi

Marekani wamefika mbali hapa. Ramani yao ya ukame ya kila wiki ilianza 1999, na mwaka 2005 kituo chao cha ukame kule Nebraska kikaanzisha hazina ya kukusanya athari zenyewe: mazao, maji, moto, biashara, afya. Tatizo walilokutana nalo ni hili: sehemu kubwa ya habari inatoka magazetini, na magazeti huandika zaidi habari za kilimo kuliko za watu kukosa usingizi. Kisichoandikwa hakipo kwenye ramani, hata kama kipo.

Kwetu upendeleo ni wa barabara. Kijiji cha kando ya lami kinaripoti njaa mara tatu. Kitongoji cha ndani Kaliua, siku moja ya baiskeli, hakiripoti kabisa. Na ripoti ikishajulikana inaleta chakula cha msaada, inanenepa. Mtendaji si mwongo. Anawatetea watu wake.

Lakini kuna vitu mtu peke yake anavijua. Nilikuwa gulioni Uyui mwezi Agosti, nikamkuta mama ameanika michembe, viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, kwenye turubai, rundo kubwa.

"Mwangaluka, mama."

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu, chukua michembe."

"Naona mwaka huu mnayo mingi ya kuuza."

Akanitazama. "Hii si ya kuuza. Hii ni ya kula."

"Mbona unaiuza?"

"Ndiyo nakwambia."

Sikuwa na safu ya kuandika hilo kwenye fomu yangu. Sasa ninayo: *kaya zinauza akiba iliyokaushwa kabla ya Oktoba, ndiyo au hapana*. Nyingine zenye maana: mbuzi majike wenye mimba mnadani, watoto wanaoacha shule kufuata vibarua au maji, baba aliyehama na ng'ombe akiacha familia, mlo wa mchana kufutwa. Kwa utapiamlo kuna mkanda wa kupima mkono wa mtoto: chini ya sentimita 11.5 ni nyekundu, mpaka 12.5 njano. Huo haubishaniwi. Ila ukiona nyekundu nyingi, kila kilichotangulia kilishapita bila kusikika.

Nchini tuna MUCHALI, mfumo wa uchambuzi wa uhakika wa chakula na lishe, unaokalisha wataalamu wa mambo haya meza moja na kutumia ngazi tano za IPC, kipimo cha kimataifa cha ukali wa njaa. Ni mzuri kwa kupanga nchi. Kwa kata, unachelewa kidogo na ni mpana mno.

Basi ushike kipi?

Inategemea unaamua nini na uamuzi wako unahitaji miezi mingapi.

| Kipimo | Kinakwambia lini | Kinashindwa wapi |
|---|---|---|
| Mvua (siku za ukavu, mbelewele) | Januari–Februari | hakijui nani ana akiba |
| Setilaiti | Februari–Machi | penye miombo na mashamba madogo |
| Bei na kubadilishana | Mei–Julai, kisha kila wiki | bei za nchi na za serikali |
| Taarifa za watu | wakati wowote, wengi huchelewa | vijiji vya mbali |

Wewe ni bwana shamba unayetaka kuwaambia watu wapande mtama au viazi kwenye ngwe iliyobaki? Mvua, na si kingine. Februari ikiisha umeshachelewa, bei haitakusaidia.

Uongozi wa AMCOS unaotaka kuzungumza na mkopeshaji kabla masoko ya tumbaku hayajafunguliwa unahitaji rekodi ya siku za ukavu kwa kila kata, yenye mihuri, pamoja na picha za mashamba. Mkopeshaji hasikilizi huruma, anasikiliza tarehe.

Unayeshughulika na wafugaji wa Igunga, chukua setilaiti pamoja na bei ya mbuzi kwa kilo za mahindi. Hivyo viwili vinakwenda pamoja vizuri, na kimoja kikipanda kingine kikishuka unajua kuna kitu.

Kamati ya maafa ya wilaya au mkoa, ningeiambia ianze na soko. Nafahamu wengi hawatakubali, maana soko halina ramani ya kuonyesha ukutani. Lakini kamati inaamua kuhusu chakula na fedha, na uamuzi wake unahitaji miezi minne mpaka lori kufika. Bei ya Juni inawapa hiyo miezi minne. Mvua ya Januari inawapa zaidi, ila inawaamsha kwa miaka ambayo watu walikuwa na akiba na hawakuumia, na baada ya kengele mbili za bure hakuna anayesikiliza ya tatu.

Na mwanafunzi unayetaka kuonyesha uhusiano kwa takwimu: usianze na mkoa. Wastani wa Tabora unamweka mfugaji wa Igunga na mrina asali wa Sikonge kwenye namba moja, na uhusiano unapotea. Anza na kata au wilaya, linganisha mvua ya Januari na kubadilishana kwa Juni na si kwa Januari ileile, kisha jumlisha juu. Ukiwa na misimu kumi, sema umeona misimu kumi.

Ukiwa huna chochote na unataka kuanza, anza Oktoba, kabla ya mvua. Daftari moja, mzani mmoja, gulio moja. Safu sita: tarehe, kilo ya mahindi, mbuzi dume, ngwe ya kulima, siku bila mvua, na ile ya mama wa michembe. Bei za Oktoba kabla ya msimu ndizo utakazolinganishia Juni ijayo, na ukizikosa hakuna setilaiti itakayokurudishia.